Cheche iliyojificha ndani ya unga

Wazee walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu hukidharau, hukipangusa kwa kitambaa asubuhi na kukikuta pale pale jioni. Nacho ni vumbi. Sina maana ya vumbi la barabarani. Nazungumzia vumbi la vitu tunavyovila na kuvitumia: unga wa sembe na wa ngano, sukari, maziwa ya unga, unga wa mbao katika karakana za maseremala, poda za dawa, na hata chembechembe za plastiki zinazotengenezewa ndoo zetu.

Tuanze na jambo la nyumbani. Chukua kitana cha plastiki, chana nywele kavu mara kumi hivi, kisha kisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vitaruka na kukiganda kitana kama siafu. Au vua sweta la nailoni gizani, usiku wa kiangazi, kule Iringa, Arusha au Nairobi. Utasikia mlio kama wa bisi zikipasuka, na pengine utaona vimulimuli vidogo. Mtu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huenda hayaoni mambo hayo mara kwa mara, na sababu yake nitaieleza baadaye.

Huo ndio umeme tuli. Haupiti katika nyaya wala haulipiwi ankara. Hukaa tu juu ya kitu, umetulia, ukingojea njia ya kutoka.

Lugha yetu inaujua umeme huu tangu zamani, ingawa wengi wetu hatukumbuki. Tuna neno kaharabu, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa kama jiwe la rangi ya asali, ambao watu hutungia shanga na tasbihi. Neno hilo asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni mnyang'anya makapi, kwa sababu kaharabu ikisuguliwa kwa kitambaa huvuta makapi na majani makavu. Waarabu walilichukua neno hilo hilo, na ndugu zetu waishio Muscat au Dubai wanajua kwamba siku hizi kahrabaa ndiyo umeme wa kuwashia taa. Wayunani nao waliiita kaharabu elektron, na kutokana na neno hilo Mwingereza William Gilbert, katika kitabu chake cha mwaka 1600, aliunda jina la Kilatini ambalo ndilo mama wa jina la umeme katika lugha nyingi za Ulaya. Basi, mashariki na magharibi, jina la umeme lilitokana na kusugua.

Je, hutokea nini vitu viwili vinaposuguana? Kila kitu duniani kimeundwa kwa chembe zenye umeme wa aina mbili, chanya na hasi, na kwa kawaida aina hizo zinalingana. Vitu viwili vikigusana na kuachana, umeme kidogo huhama kutoka kimoja kwenda kingine, mara nyingi ukiwa umebebwa na elektroni, vile vijichembe vyenye umeme hasi. Kilichotoa hubaki na chaji chanya, kilichopokea huwa na chaji hasi. Kusugua ni kugusanisha mara nyingi tu. Mwaka 1757 mwanafizikia Johan Carl Wilcke aliandika orodha ya vitu, akivipanga kwa kuangalia ni kipi hutoa na kipi hupokea kikisuguliwa na mwenzake. Kioo kwa kawaida ni mtoaji. Plastiki nyingi ni wapokeaji wakubwa.

Katika chuma, umeme huo hauna pa kukaa. Chuma kikiwa kimeunganishwa na ardhi, hukimbilia ardhini mara moja. Lakini katika plastiki, unga, sukari au mchanga mkavu, ambavyo havipitishi umeme, chaji hukaa pale ilipotua, kwa sekunde, kwa dakika, wakati mwingine kwa saa kadhaa. Na hapa ndipo hewa ya pwani inapoingia. Hewa yenye unyevu mwingi huweka utando mwembamba wa maji juu ya vitu, na chaji huteleza juu ya utando huo na kupotea. Hewa ikiwa kavu, hakuna pa kutelezea. Ndiyo maana sweta hulia Iringa na kunyamaza Tanga.

Sasa turudi kwenye unga. Kwa nini unga uwe na ukorofi kuliko kipande kizima? Hebu tupige hesabu ndogo. Chukua kijiwe cha sukari cha sentimita moja kila upande. Kina nyuso sita, na eneo lake lote ni sentimita sita za mraba, sawa na stampu ndogo. Sasa kisage mpaka kila chembe iwe na upana wa sehemu moja ya mia ya milimita. Sukari ni ile ile, uzito ni ule ule, lakini utapata chembe bilioni moja, na ukijumlisha eneo la nyuso zao zote utapata zaidi ya nusu ya mita ya mraba, yaani upana wa meza ndogo ya chai. Kipande cha kidole kimekuwa meza. Na kwa kuwa kusuguana na kuungua ni mambo yanayotokea juu ya ngozi ya kitu, unga husuguana kuliko kipande kizima, na huungua haraka kuliko kipande kizima. Kila mpishi wa kuni analijua hilo. Gogo huchukua muda kushika moto, lakini randa za seremala hulipuka kwa kiberiti kimoja.

Msikilizaji atauliza, unga wa chapati nao unaweza kulipuka? Naam, unaweza. Ukiwa umekaa kwenye debe hauna neno. Lakini ukitimuliwa hewani ukawa wingu zito, ndani ya chumba au bomba lililofungwa, na cheche ikapatikana, moto hurukia chembe moja hadi nyingine kwa kasi kubwa, hewa inapanuka ghafla, na kuta zinapasuka. Wataalamu hutaja mambo matano yanayohitajika: kitu cha kuungua, hewa ya oksijeni, vumbi kutawanyika, mahali pa kufungia, na cheche. Ondoa moja tu kati ya hayo, na mlipuko hautokei.

Habari hizi si ngeni. Tarehe 14 Desemba 1785, katika ghala la muoka mikate mmoja mjini Turin, Italia, unga ulioporomoka kutoka chumba cha juu ulitimua wingu, taa iliyokuwa ikiwaka ikalishika, na ghala likalipuka. Tarehe 2 Mei 1878 kinu kikubwa cha ngano cha Washburn, katika jiji la Minneapolis huko Marekani, kililipuka na kuvibomoa vinu vya jirani. Watu 18 walikufa. Wakati huo wengi walikuwa hawasadiki kwamba unga wa mkate unaweza kufanya kazi ya baruti, mpaka wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipoupuliza unga ndani ya visanduku, wakauwasha, na watu wakajionea wenyewe.

Mtu anaweza kusema hayo ni ya kale. Basi asikie ya karibuni. Jioni ya tarehe 7 Februari 2008, kiwanda cha sukari cha Imperial Sugar kule Port Wentworth, katika jimbo la Georgia, Marekani, kililipuka. Wafanyakazi 14 walipoteza maisha na makumi wengine walijeruhiwa, wengi wao kwa kuungua vibaya. Bodi ya Usalama wa Kemikali ya nchi hiyo ilichunguza na kutoa ripoti mwaka 2009. Ilieleza kwamba chini ya maghala marefu ya sukari kulikuwa na mkanda wa chuma wa kusafirishia sukari, ambao mwaka mmoja kabla ulikuwa umefunikwa kwa mabati ili sukari isichafuke. Nia ilikuwa njema, lakini vumbi ambalo zamani lilitawanyika sasa likajikusanya ndani ya kifuniko. Yaelekea beringi moja ilipata moto kupita kiasi, ikaliwasha.

Lakini mlipuko huo wa kwanza sio uliofanya maafa yote. Juu ya mabomba, juu ya mihimili, sakafuni, mahali pote palikuwa pamejaa vumbi la sukari la miaka mingi. Mtikisiko wa kwanza ulilitimua vumbi hilo, nalo likalipuka, likatimua jingine, nalo likalipuka, ghorofa hadi ghorofa. Hiyo ndiyo hatari ya vumbi lililolala. Ni moto uliowekwa akiba.

Bodi hiyo hiyo, katika uchunguzi wa mwaka 2006, ilikuwa imehesabu matukio 281 ya moto na milipuko ya vumbi nchini Marekani kati ya mwaka 1980 na 2005, yaliyoua wafanyakazi 119. Ni nchi yenye wakaguzi, sheria na vifaa. Sisi tunaosaga, tunaofunga sukari na tunaopasua mbao katika vyumba vilivyobanana hatuna sababu ya kujiona tuko salama zaidi.

Katika mkasa wa Georgia, cheche haikutokana na umeme tuli, na haki ni kusema hivyo. Cheche zina wazazi wengi: beringi iliyochoka, sigara, chuma kugonga chuma, fundi anayechomelea. Lakini umeme tuli una ubaya wake wa pekee. Hao wengine unaweza kuwafukuza kutoka kiwandani. Umeme tuli huzaliwa na unga wenyewe, katika ile ile kazi ya kuumimina, kuupuliza ndani ya bomba na kuuchekecha. Kazi yenyewe ndiyo inayowasha kiberiti.

Nguvu ya kiberiti hicho ni kiasi gani? Chukua limau la gramu 100 uliinue juu kwa sentimita moja. Nguvu uliyoitumia, ambayo hata huihisi, inakaribia ile ya cheche inayoweza kuruka kutoka mwilini mwa mtu aliyejaa umeme tuli wa volti elfu kumi. Volti hizo zisikutishe, kwa kuwa umeme wenyewe ni kidogo sana, na mtu hushtuka tu akaendelea na safari. Lakini mvuke wa petroli huhitaji chini ya sehemu moja ya kumi ya cheche hiyo ili kuwaka. Vumbi la nafaka na sukari ni gumu zaidi, mara nyingi huhitaji cheche kubwa kuliko ya mwili wa mtu. Hata hivyo, pipa kubwa la chuma lililokalia mpira au mbao, likawa halijaunganishwa na ardhi, linaweza kukusanya chaji ya unga unaomiminwa ndani yake na kuiachia yote kwa mpigo mmoja, kwa cheche yenye nguvu mara kadhaa ya ile ya mwili. Hapo vumbi huwaka.

Sasa, ndugu msikilizaji, nije kwa watu wanaoishi na swali hili kila siku. Katika jiji la Cleveland, jimbo la Ohio, kuna chuo kikuu kiitwacho Case Western Reserve, na miongoni mwa wahandisi wa kemikali wa hapo ni Profesa Daniel Lacks. Kazi yao inaweza kuonekana kama mchezo wa watoto, maana wanachezea mchanga na vijishanga vya kioo. Lakini swali lao ni zito. Tumesema kioo hutoa na plastiki hupokea. Vema. Je, kioo kikisuguana na kioo kile kile? Mchanga na mchanga ule ule? Unga na unga wa gunia moja? Akili inasema hakuna wa kutoa wala wa kupokea, wote ni sawa, na umeme usingehama. Lakini unahama, tena sana.

Aidha, unahama kwa mpango. Watafiti wengi wameona kwamba katika unga wa kitu kimoja, mara nyingi chembe kubwa huishia kuwa na chaji chanya, na chembe ndogo chaji hasi. Ugumu ulikuwa kuhakikisha kwamba jambo hilo halisababishwi na kuta za chombo, kwa kuwa ukitikisa mchanga ndani ya chupa, mchanga husuguana na chupa pia. Profesa Lacks na wenzake, Keith Forward na Mohan Sankaran, walipata ufumbuzi, na mwaka 2009 walitangaza matokeo. Waliweka chembe kwenye chombo, wakapuliza gesi ya naitrojeni kutoka chini katikati, chembe zikaruka juu kama chemchemi na kuangukia juu ya chembe wenzao, bila kusuguana na ukuta. Na mambo yakawa yale yale: ndogo hasi, kubwa chanya. Walijaribu hata mchanga uliotengenezwa kuigiza vumbi la sayari ya Mars, kwa maana wanaotaka kupeleka mitambo huko lazima wajue vumbi la huko litaigandaje.

Jambo hili lina maana hata hapa duniani. Upepo ukitimua mchanga jangwani, chembe ndogo nyepesi hupanda juu na kubwa hubaki chini. Ikiwa ndogo ni hasi na kubwa ni chanya, basi upepo umetenganisha umeme wa aina mbili, juu na chini, kama vile mawingu ya radi yafanyavyo. Mapema mwaka 1913, mtafiti Rudge aliripoti jinsi dhoruba za vumbi za Afrika Kusini zilivyoubadili umeme wa angani. Na ndani ya ghala la unga mambo hufanana na hayo. Vumbi laini huelea juu na chaji yake, punje nzito hukaa chini na chaji yake.

Lakini kwa nini? Lacks na wenzake walitoa maelezo yanayopendeza. Walisema kila chembe ina akiba ya elektroni zilizonaswa juu ya ngozi yake. Zikigongana, elektroni iliyonaswa kwa mmoja hupata nafasi nzuri zaidi kwa mwenzake na kuhamia huko. Chembe ndogo ina akiba ndogo, na baada ya kugongwa mara nyingi huishiwa cha kutoa, lakini huendelea kupokea kutoka kwa kubwa. Mwishowe ndogo ina ziada na kubwa ina upungufu. Hesabu ilikubali.

Kisha, mwaka 2014, Scott Waitukaitis, Heinrich Jaeger na wenzao wa Chuo Kikuu cha Chicago waliamua kuihakiki akiba hiyo. Walizipiga picha kwa kamera ya kasi chembe zinazoanguka katikati ya nguvu za umeme, wakaona kwamba kweli kubwa zilikuwa chanya na ndogo hasi. Halafu wakazipasha moto chembe hizo, kwa sababu elektroni zilizonaswa zikifunguliwa kwa joto hutoa mwanga unaoweza kupimwa. Mwanga ulikuwa hafifu mno. Elektroni za akiba zilikuwa chache sana, hazitoshi hata kidogo kueleza umeme uliopimwa. Yaani jambo lenyewe lilithibitika, lakini sababu yake ikaanguka.

Wengine wanasema mbebaji ni ule utando wa maji, wengine wanasema ni vipande vidogo vya kitu chenyewe vinavyobanduka na kuhama na chaji yake. Mwaka 2025 Waitukaitis, ambaye sasa anafanya kazi katika taasisi ya utafiti iliyo karibu na Vienna, Austria, pamoja na mwenzake Juan Carlos Sobarzo, walitoa habari nyingine ya kushangaza. Walichukua vipande vya silikoni vilivyotengenezwa sawasawa, wakavigusanisha. Mwanzoni chaji zilihama ovyo, mara huku, mara kule. Lakini kadiri walivyovigusanisha, kufikia mara 200 hivi, vikaanza kujipanga. Kipande kilichoguswa mara nyingi kilielekea kuwa hasi kikikutana na kilichoguswa mara chache. Maana yake ni kwamba kitu hukumbuka kilikopita. Vipande viwili vya namna moja si sawa tena kama maisha yao yamekuwa tofauti. Kwa binadamu tulilijua hilo. Kwa plastiki ni habari mpya.

Kwa hiyo, zaidi ya miaka elfu mbili tangu Wayunani wasugue kaharabu, wanasayansi wanaoweza kupima umeme wa chembe moja ya mchanga bado wanabishana juu ya nini hasa huhama na kwa nini. Sisemi hivyo kuwacheka. Mtaalamu anayekubali kwamba maelezo yake yamekataliwa na vipimo ndiye mtaalamu wa kweli.

Mtu atasema huo ni ubishi wa wasomi. Sivyo. Mitambo mingi inayotengeneza plastiki ya ndoo na mifuko ni mapipa makubwa sana yanayopuliziwa gesi kutoka chini, na chembe za plastiki hucheza ndani yake kama maharage yanayotokota. Zikisuguana hupata chaji, huganda ukutani, huyeyuka kwa joto na kujenga tabaka, na mtambo hulazimika kuzimwa ili usafishwe. Kadhalika mgonjwa wa pumu anayetumia kifaa cha kuvuta dawa ya unga anategemea chembe ndogo mno zifike mapafuni. Chaji ikizigandisha kwenye plastiki ya kifaa, mgonjwa amevuta lakini hakupata kipimo kamili.

Umeme huo huo, ukifugwa, ni mtumishi mwema. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba kidogo huko Astoria, New York, Chester Carlson na msaidizi wake walisugua bamba lililopakwa kiberiti cha unga kwa kitambaa, wakaliangazia taa kupitia kioo kilichoandikwa tarehe na jina la mahali, kisha wakanyunyiza unga mkavu. Unga ukaganda pale tu palipobaki na chaji, na maandishi yakatokea. Hiyo ndiyo asili ya fotokopi. Kila unapotoa nakala ya cheti chako pale dukani, ujue umetumikiwa na unga wenye chaji.

Sasa tufike kwenye yale yatuhusuyo. Je, tungoje wanasayansi wamalize ubishi wao ndipo tujikinge? Hapana. Hapa ndipo penye jambo kubwa la leo. Hatujui kikamilifu kwa nini unga hupata umeme, lakini tunajua kikamilifu namna ya kuuzuia usiue. Na dawa zake si ghali.

Dawa ya kwanza ni ufagio. Vumbi lisiachwe likalala juu ya mihimili, juu ya taa, juu ya mabomba. Wakaguzi wa Marekani huanza kuhofu tabaka la vumbi linapopita milimita moja hivi likienea mahali pakubwa, yaani kiasi cha kuweza kuandika jina lako kwa kidole. Lifagiliwe taratibu au livutwe kwa mashine maalumu. Lisipulizwe kwa bomba la hewa, kama ilivyokuwa desturi katika kile kiwanda cha Georgia, kwa kuwa kulipuliza ni kulitengenezea wingu.

Dawa ya pili ni waya. Kila pipa, kila faneli na kila bomba la chuma ambamo unga hupita liunganishwe na ardhi, kwa waya ule ambao mafundi wetu huuita ethi, na waya huo ukaguliwe, maana uliokatika ni sawa na usiokuwepo. Bomba la plastiki ambalo mtu ameliweka kwa kubana matumizi, badala ya la chuma, halisaidiwi na waya, kwa sababu plastiki haiachii chaji yake. Ni urahisi unaoweza kuwa ghali.

Dawa ya tatu ni nafasi. Milango na madirisha yawe wazi panapowezekana, na viwanda vikubwa viweke katika maghala yao milango dhaifu ya makusudi, ili mlipuko ukitokea utokee nje, mbali na watu.

Na kwa msikilizaji asiye na kiwanda lakini mwenye pikipiki au jenereta, liko la kukumbuka. Usijaze petroli kwenye dumu likiwa limekaa nyuma ya gari. Lishushe chini, ligusane na ardhi, na mdomo wa pampu uguse mdomo wa dumu wakati wote wa kujaza. Na tusijidanganye kwamba hewa yetu ya pwani itatulinda daima. Ndani ya mashine yenye joto, hewa hukauka hata kama nje kuna mvua.

Mwenye kiwanda anaweza kuona gharama ya mfagiaji mmoja zaidi, au ya fundi wa kukagua nyaya kila mwezi, kuwa ni mzigo. Lakini anayebeba mzigo wa kweli ni yule kijana anayetoka kazini nyusi zake zikiwa nyeupe kwa unga, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba kile kinachompa riziki kinaweza kuwaka. Ana haki ya kuambiwa. Na akishaambiwa, ana haki ya kuuliza waya wa ardhini uko wapi, bila kuogopa kufukuzwa kazi.

Kinga ni bora kuliko tiba, na kinga hii ni ya ufagio na waya.